Paka Gani Huvaa Koti

Brooklyn Park, Minnesota
2 Septemba 1991

Kwa Mama Mdogo Generosa, fundi wa mafundi wote wa Tukuyu,

Shikamoo! Pokea salamu kutoka kwangu mimi Mudrick, ambaye ukiniona leo ni wewe utakayeniamkia kwanza kwa jinsi nilivyopendeza. Huku sote wazima. Baba Mdogo Ambakisye anaondoka alfajiri kwenda kwenye kompyuta zake, anarudi amechoka hadi anasahau kuvua viatu. Mimi bado niko jikoni kwenye ile hoteli ya Bloomington, karibu na uwanja wa ndege, naosha vyombo. Lakini wewe ukiongea na watu usiseme vyombo, sema tu niko hotelini. Kiingereza changu sasa kinatiririka. Wenyewe wananiuliza mara mbili mbili nimesema nini, kwa raha ya kunisikiliza. Na nimepata gari. Mlango mmoja haufunguki, lakini ninayo mingine mitatu. Wale walionicheka nilipoacha shule kidato cha pili, waulize wao wana milango mingapi.

Bibi vipi, bado hainuki? Mwambie Baba Mdogo anamtafutia blanketi la umeme. Si utani, lipo. Unachomeka ukutani kama pasi.

Sasa kuna jambo, na limetoka kwa binti yako mwenyewe. Tarehe thelathini na moja Oktoba huku wana sikukuu inaitwa Halowini. Watu wanavaa kama mizimu, wachawi na wanyama, wanapita nyumba hadi nyumba wakipewa peremende. Usishtuke, hata wazee wa kanisa wanafanya. Tusekile hatimaye amepata marafiki shuleni. Ukimhesabu na yeye wako watano, na kiongozi wao ni msichana anaitwa Kirsten, anakaa Coon Rapids, nywele zake utadhani ndevu za mahindi. Wote watano watakuwa paka weusi: gauni jeusi, masikio, mkia. Wenzake wananunua dukani. Tusekile amewaambia mama yake ni fundi kuliko duka.

Kwa hiyo ndani ya bahasha nimeweka uzi kama kawaida yetu. Fundo la kwanza mabega, la pili kiuno, la tatu ndio urefu. Urefu wamekubaliana wenyewe, usiongeze wala usipunguze. Bwana Maurice, yule Mkenya tunayesali naye, anakuja Mbeya kwenye harusi na atarudi huku katikati ya Oktoba. Mpe yeye.

Ndaga fijo, yaani asante sana kwa lugha ya nyumbani, Mama Mdogo. Wasalimie wanaonipenda, na wasionipenda waonyeshe hii picha ya gari.

Mudrick


Tukuyu
23 Septemba 1991

Mwanangu Mudrick,

Barua nimepata, uzi nimepata, picha nimepata. Sisi tupo. Bibi anakunywa uji vijiko vitatu vinne halafu anafunga mdomo. Mama yako alikuja kutoka Mbeya, magoti yanamsumbua, anauliza kama huo mlango usiofunguka ni wa upande wako. Ukungu umekuwa mwingi, cherehani nimeitoa kibarazani nikaiingiza ndani, maana kitambaa kilikuwa kinalowa mikononi.

Kuhusu uzi. Nimeunyoosha juu ya meza nikautazama. Huo ni urefu wa mtoto wa chekechea. Tusekile ana miaka kumi na tano na ana miguu ya babu yake. Basi nimeshona kwa kipimo ninachokijua mimi. Gauni limefika chini ya magoti, lina mikono mirefu, na ndani nimetia bitana kwa sababu mnasema huko kuna baridi. Mkia nimeujaza pamba.

Marafiki zake wakiuliza, waambieni mama amekosea kipimo. Mama yuko mbali, macho yamechoka, amekosea. Lawama zote nipeni mimi. Lakini gauni lisiguswe. Umenielewa, Mudrick? Lisiguswe.

Baba yake ni mtu wa kazi, haoni kitu mpaka kimwangukie. Wewe unaona. Ndiyo maana sikukataa ulipopewa nafasi ya kumsindikiza kwenye ndege, ingawa mdomo wako naujua.

Nijibu upesi.

Ni mimi niliyekufunga kamba za viatu,
Generosa


Brooklyn Park
20 Oktoba 1991

Mama Mdogo,

Shikamoo moja ya leo na nyingine ya akiba. Sote wazima. Baba Mdogo ana kikohozi cha wasomi, kile cha ehe-ehe kabla ya kila neno. Huku Bloomington wanajenga soko moja kubwa mno, maduka yote chini ya paa moja, na wanasema ndani kutakuwa na bembea za kuzunguka. Mimi nimeshaahidiwa kazi humo, au tuseme nimejiahidi kuomba.

Bwana Maurice amefika na gauni. Mama Mdogo! Umemshonea paka au askofu? Nililiinua pale sebuleni nikaimba pambio zima, Baba Mdogo alicheka hadi kikohozi kikapona. Tusekile alilichukua, akalipima juu ya nguo zake mbele ya kioo. Halafu akasema, "Ni zuri." Kwa sauti ya mtu aliyetokwa na homa. Nikamwambia, "Ukienda na hilo, Kirsten atakuomba umbatize."

Basi, ni simu. Kila jioni ni simu ya Kirsten na wenzake. Gauni limefika? Ni refu kiasi gani? Elezea. Siku moja nilipokea mimi, nikamwambia Kirsten kwa Kiingereza changu kwamba limefika na ni la kwaya. Nikasikia vicheko upande wa pili, kumbe wako wengi wanasikiliza. Tangu siku hiyo Tusekile hali chakula vizuri. Anasema mwaka jana kuna msichana alikuja na sweta juu ya vazi lake, mpaka leo wanamwita Bibi na hakuna anayekaa naye mezani. Koti ndiyo usiseme kabisa. Nilimuuliza Kirsten, na baridi je? Akanijibu, paka gani huvaa koti? Hata hapo Tukuyu sijawahi kumwona paka mwenye koti.

Hili la mwisho nakuandikia kwa sababu ulisema mimi naona. Mwaka jana wote, kabla ya hawa marafiki, Tusekile chakula cha mchana alikuwa anakula chooni. Anafunga mlango, anakaa, anakula, kengele inalia, anatoka. Ameniambia juzi tu, huku ametazama dirishani. Anasema kule harudi, liwalo na liwe.

Kwa hiyo usihofu, mambo ya gauni nimeyashughulikia. Utanishukuru mwenyewe.

Mudrick wa milango mitatu


Tukuyu
31 Oktoba 1991

Mudrick,

Bibi amelala. Salamu nyingi leo sina. Barua yako haijafika, sijui hata kama gauni limewafikia.

Mchana amekuja yule muuguzi wa Kimarekani wa hospitali yetu, ameleta sketi nimwongezee kiuno. Nikamwuliza, mama, kwenu kuna sikukuu ya paka? Akacheka sana. Nikamweleza habari ya uzi, nikamwonyesha kwa mkono urefu wake. Akaacha kucheka.

Akaniambia kwamba alipokuwa na umri wa Tusekile na yeye alivaa hivyo. Nikamwuliza, nani alikulazimisha? Akasema hakuna anayekulazimisha. Wanakutazama tu, wanakutazama, mpaka koti unalivua mwenyewe. Akasema alikwenda amevaa hivyo nyumbani kwa watu asiowajua na alirudi akaichoma ile nguo kwenye pipa nyuma ya nyumba, na hajamwambia mama yake hadi leo, na mama yake ana miaka sabini. Zaidi ya hapo hakusema. Mimi sikuuliza. Niliona mikono yake inavyoikunja na kuikunjua ile sketi.

Nikamwuliza, ni tarehe ngapi hiyo sikukuu? Nilikuwa nimesahau, Mudrick, mimi nilisahau. Akasema, mama, ni leo.

Niliacha mkasi mezani nikakimbia posta na kandambili. Ilikuwa saa kumi jioni, yule kijana wa simu akasema kwenu ni saa moja asubuhi, watu wapo nyumbani. Akazungusha, akazungusha, ikashika. Akanipa nisikie. Ilikuwa inaita. Nilisikia inaita ndani ya nyumba yenu, mahali ambapo mwanangu amelala. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikaita, haikupokelewa. Akasema, "Mama, hawapo hawa."

Naandikia hapa hapa kaunta. Najua barua hii itafika wiki ya tatu, na leo ni leo. Lakini nitafanya nini? Nikiishika kalamu angalau kuna kitu nafanya.

Mwambie asiende. Kama amekwenda, kamrudishe.

Generosa


Brooklyn Park
4 Novemba 1991

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sisi tupo, usiwe na wasiwasi. Ukisikia redioni habari za theluji huku Minnesota ujue tumeiona, tena tumeishinda. Ilianza mchana ule wa Halowini ikaendelea siku tatu. Magari yamezama, unaona vioo vya pembeni tu. Gari langu nimelichimbua kwa sufuria. Majirani wamesema hawajaona mtu anayechimba kama mimi.

Tusekile hajambo. Ana mafua kidogo na miguu inamuuma, ndiyo maana hajakuandikia yeye. Baba Mdogo naye hajambo, amechukua likizo fupi.

Gauni lilipendeza.

Nisalimie Bibi sana. Karatasi imekwisha.

Mudrick


Tukuyu
25 Novemba 1991

Mudrick,

Barua zako zote mbili nimepata wiki moja. Ya Baba yako Mdogo pia nimepata. Ina mistari minne. Anasema Tusekile anaendelea vizuri na watamruhusu karibuni.

Watamruhusu kutoka wapi?

Na miguu inamuumaje mtu mpaka ashindwe kushika kalamu? Anaandika kwa miguu?

Na karatasi yako haikuwa imekwisha. Upande wa pili ni mweupe.

Ambakisye hajaniandikia mistari minne tangu tufunge ndoa bila kunitania katika mmojawapo. Mnanificha. Kila nikikalia cherehani naona theluji nisiyoijua inafananaje. Nimemwuliza muuguzi, akanieleza, ndiyo nimeogopa zaidi. Nakuuliza wewe kwa sababu ni wewe uliyeniambia umelishughulikia. Ulishughulikia nini?

Andika kila kitu. Usinichekeshe.

G.


Brooklyn Park
14 Desemba 1991

Mama Mdogo, shikamoo.

Baba Mdogo yuko kazini. Tusekile amelala, mguu umewekwa juu ya mto. Bwana Maurice na watu wa kanisa wanakusalimu, wanaleta chakula kila Jumapili. Barua yako ya tarehe thelathini na moja nimeisoma mara nyingi. Haya.

Gauni nililikata mimi.

Ilikuwa Jumamosi, na kesho yake ndiyo nikakuandikia kwamba nimeshughulikia. Nilimwambia, "Lete hapa, mimi nimekulia chini ya cherehani." Nikalitandaza mezani jikoni, nikafunga mafundo kwenye uzi mwingine kama ule, nikapima. Nikachukua mkasi wa kukatia kuku. Nilikata chini, nikakata na mikono yote, bitana nikang'oa. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, mkono kwenye swichi ya taa. Hakusema kitu. Nilidhani ni furaha. Nilipomaliza nikajifunga mkia wake shingoni kama tai nikatembea kibosi, akacheka kidogo, nikajiona fundi.

Siku yenyewe nilimpeleka mimi. Theluji ilikuwa imeanza mchana, nzito, lakini nilitaka wale wasichana wanione na gari. Tusekile alikuwa amevaa koti kubwa la baba yake, na chini viatu vya kitambaa vile vyembamba, kwa sababu paka havai buti. Tulipofika kwa Kirsten wenzake walikuwa wamejipanga dirishani, wanatazama. Tusekile akashika kitasa akaniuliza, "Kaka, nikivaa koti mpaka mlangoni tu?"

Nikamwambia, "Wakikuona nalo si umekwisha?"

Akalivua. Akalikunja vizuri, Mama Mdogo, kama unavyokunja wewe, akaliweka kwenye kiti, akakimbia. Nilimpigia honi kumshangilia. Nikaenda zangu kazini Bloomington, na koti liko kitini.

Saa mbili usiku mpishi akaniita, "Simu yako." Ni Tusekile. Anaongea polepole kama amefunika mdomo. "Kaka, njoo unichukue." Nikamwuliza kuna nini. Akasema wamekuja kaka zao na marafiki wa kaka zao, wakubwa, wamewasimamisha wasichana mmoja mmoja juu ya ngazi, wanawapa maksi, moja mpaka kumi, wanaandika ukutani kwenye karatasi, na mmoja ana kamera. Zamu yake inakuja. Anasema, naogopa. Ameomba koti la kuazima, wamemjibu lile lile la paka.

Watu wa jikoni walikuwa wamenizunguka. Nilitaka wanisikie ninavyoongea kwa starehe. Nikamwambia, "Si maksi tu? Mimi kidato cha pili nilipata sifuri na sikulia."

Akakata simu.

Alitokea mlango wa nyuma. Hakuwa na mtu mwingine anayemjua kule Coon Rapids isipokuwa Mama Philister, yule Mjaluo anayekaa nyuma yetu kanisani, na alijua kwamba Mama Philister anafanya kazi hospitali ya kule. Kwa gari ni dakika saba. Yeye alitembea saa nzima na zaidi, theluji imepita vifundo vya miguu, upepo unampiga usoni. Magari mengi yalikuwa yamekwama. Yaliyopita hayakusimama, maana siku hiyo kila anayeonekana barabarani ni mzimu au mnyama, nani atajua kwamba huyu ni mtu? Kiatu kimoja kilibaki njiani. Hakurudi kukitafuta, anasema alihofu akiinama hatainuka.

Mama Philister alimkuta mapokezi, masikio ya paka bado yako kichwani, anarudia neno moja tu, "Philister, Philister." Hata jina lake mwenyewe lilikuwa limemtoka.

Mimi nililala hotelini kwa sababu barabara zilifungwa. Tulipewa keki iliyobaki ya wageni. Nilikula vipande viwili. Habari nimezijua kesho yake mchana.

Na ile simu yako ya asubuhi niliisikia. Baba Mdogo alikuwa ameshatoka, Tusekile yuko bafuni maji yanamwagika, hakusikia. Mimi nilikuwa kitandani. Nilidhani ni bosi ananiita kazini mapema, nikavuta blanketi.

Vidole vitatu vya mguu wa kulia vimeungua kwa baridi, vimekuwa vyeusi. Daktari anasema tungoje, mwili wenyewe utaonyesha mpaka wake uko wapi. Mpaka wa nini? Sielewi, na kwa mara ya kwanza sikujifanya naelewa. Kila asubuhi Baba Mdogo anafungua bendeji na mimi natoka nje kukwangua kioo cha gari hata kama hakina barafu. Haongei na mimi zaidi ya chumvi na mlango. Shule Tusekile hajarudi. Ile simu ya kila jioni haijaita tena hata mara moja, na ikifika ule wakati wake naona anaitazama.

Naogopa, Mama Mdogo. Naogopa vidole vyake, nakuogopa wewe, na nikisikia sauti yangu mwenyewe nikiongea na watu naogopa.

Mudrick


Tukuyu
6 Januari 1992

Mudrick mwanangu,

Mama yako anakusalimu. Barua yako sikumsomea, nilimwambia umeandika habari za theluji. Bibi sasa anakaa kitandani akiegemezwa. Anauliza habari za Tusekile kila siku kwa jina la marehemu dada yake, na mimi namjibu hivyo hivyo.

Niliisoma nikaikunja. Nikaenda shambani nikang'oa magugu mpaka giza likaingia, ndiyo nikarudi kuisoma tena.

Na mimi nina jambo nililoficha. Siku tatu kabla ya uzi wako kufika, ilifika barua ya Tusekile. Bahasha yake, mwandiko wake. Nakunakilia:

"Mama, kaka Mudrick atakutumia uzi mfupi. Usiufuate. Nishonee refu kabisa. Nitawaambia umekosea, na kwa kuwa uko mbali hakuna muda wa kushona lingine, hawatanilaumu mimi. Wakinicheka watakuwa wanakucheka wewe, na wewe hawakujui. Tafadhali usimwambie kaka. Atanicheka."

Sasa umejua. Mimi sikukosea kipimo, na yeye hakukosa akili. Alitafuta njia ya kukataa bila kukataa, akaipata yeye mwenyewe, mtoto wa miaka kumi na tano, akanituma mimi niishone. Halikuwa gauni la kwaya. Lilikuwa udhuru wake, na mwingine hakuwa nao.

Na mimi nilimtunzia siri vizuri mno. Nilikuambia lisiguswe, sikukuambia kwa nini. Mstari mmoja tu ungetosha. Kila siku nauandika kichwani huo mstari.

Kukulaani sitakulaani. Kuja siwezi, Bibi huyu sina wa kumwachia. Kwa hiyo nakutuma wewe tena, sina mwingine. Nenda ukae na mwanangu. Mwambie umejua habari ya barua yake. Usimchekeshe hata kidogo. Atakachosema, kiandike kama kilivyo uniletee, hata kikiwa tusi. Usikilainishe.

Generosa


Brooklyn Park
2 Februari 1992

Mama Mdogo, shikamoo. Bibi pia shikamoo.

Jumanne walimtoa ncha za vidole viwili. Cha tatu kimepona. Anatembea kwa kushika ukuta, kuanzia kitandani mpaka jikoni. Mwezi wa tatu atahamia shule nyingine, ile anayosoma Kemunto, mtoto wa Bwana Maurice. Kemunto amekuja mara mbili, walikaa chumbani wakafunga mlango, sijui waliongea nini.

Uliyonituma nimefanya jana. Nilingoja Baba Mdogo aondoke. Tusekile alikuwa amekaa kitandani anavaa soksi, anaivuta taratibu juu ya bendeji. Nikakaa sakafuni. Nikamwambia, "Mama ameniambia kuhusu barua yako ya gauni."

Akaendelea na soksi.

Nikamwambia, "Mimi sikujua."

Akasema, "Najua hukujua."

Nikamwuliza, "Mbona siku ile hukuniambia niache? Ulikuwa umesimama pale pale mlangoni."

Alimaliza soksi. Akaitengeneza kisigino. Halafu akasema hivi, nimeandika hapo hapo nyuma ya bahasha ili nisikosee:

"Wewe kila kitu unatania. Ulipochukua mkasi nikajua unatania. Nikasimama pale nangoja useme natania. Nikangoja mpaka kitambaa kikaanguka chini."

Hayo ndiyo maneno yake.

Mudrick